Breki Ndani ya Boksi la Benzi

Jumapili, 18 Mei 2025

Nimefika jana. Mgongo unauma, ndege ya Addis ilijaa. Ibada nimewahi.

Baada ya ibada Jovin amekuja. Mtu wa Kibosho, baba wa watoto wawili, anasoma uzamivu wa uhandisi hapa Guangzhou kwa ufadhili. Kila safari ndiye mkalimani wangu. Tumetembea hadi mtaa wa Xiaobei kwa miguu. Kwenye taa nyekundu moja nimehesabu magari ishirini. Kumi na nne ya umeme, ya hapahapa, kimya kama paka. Benzi moja.

Nilipokuja mara ya kwanza, 2011, kila laoban, yaani bosi, mwenye duka kubwa alikuwa na Benzi na anaipaki mlangoni kusudi uione. Leo Jovin anasema vijana wa hapa wanaiita gari la baba. Nikamwambia kwetu Moshi ni gari la bibi harusi. Na la marehemu mwenye hela. Basi. Hao wawili wananitosha kula.

Kisha akanipa hadithi ambayo sijawahi kuisikia, mimi ninayeuza spea za Benzi miaka kumi na sita! Ati gari la kwanza la Benz, yule Mjerumani aliyeliunda, lilikuwa limekaa tu, watu hawaliamini. Mwaka 1888 mke wake, Bertha, akaondoka nalo alfajiri na wanawe wawili bila kumwambia mume. Zaidi ya kilomita mia kwenda kwa mama yake. Mafuta akanunua kwa mwuza dawa. Kwenye miteremko breki za mbao zikaisha – akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi.

Nilisimama barabarani. Kwa hiyo pedi ya breki aliibuni mwanamke? Jovin akasema ndiyo, karibu hivyo. Na jina Mercedes, akasema, lilikuwa la binti wa mfanyabiashara aliyekuwa akiyauza yale magari ya kampuni nyingine, ya Daimler. Baadaye kampuni mbili zikaungana.

Kumbe jina lilitoka kwa muuzaji! Mtengenezaji ana mashine, muuzaji ana jina. Nimecheka mpaka watu wakageuka.

Jumatatu, 19 Mei 2025

Yongfu, mtaa wa spea. Kwa Laoban Lin, kama kawaida. Huyu mama hana maneno mengi. Anakuwekea mezani pedi ya orijino na pedi ya kopi, anakaa. Uchague mwenyewe. Orijino imegongwa namba kwenye chuma, unaisoma kwa kidole hata gizani. Tarakimu tatu za kwanza, halafu 420 – hiyo 420 maana yake breki. Kopi imepakwa rangi tu.

Nimechukua orijino. Kama siku zote.

Kwenye lifti ya jengo la Tianxiu yule jamaa wa maboksi kanifuata tena. Maboksi matupu yenye nyota, na stika zake zinazometameta. Anauza kwa kilo. Nyota kwa kilo kama dagaa! Nikamwambia mei you, mei you, hakuna mteja hapa. Akacheka, akasema dada, wenzako wote wananunua.

Wenzangu wote, ndiyo. Najua. Na bado meneja mmoja wa kampuni inayouza Benzi Dar, kwenye jengo lake la vioo, aliwahi kuniambia spea halisi haziwezi kutoka kwenye kibanda cha mama mmoja Moshi. Hata hakunipa kiti. Nilianza na fremu moja ya duka Kiboriloni, nikauza oil filter nikiwa na mimba ya miezi minane. Mafundi wakaniuliza mwanamke na spea wapi na wapi. Leo mafundi haohao wanamwambia mteja: nenda kwa Sia, ukikuta boksi la nyota kwa Sia usifungue mara mbili.

Hiyo sentensi nimeijenga mimi. Sikupewa.

Jovin jioni kaniharibia ile hadithi yangu nzuri. Anasema wakati wa vita kuu ya pili kampuni ileile iliwatumikisha watu kwa nguvu viwandani, maelfu kwa maelfu. Ikachukua miaka na miaka ndipo ikaruhusu historia yake iandikwe wazi, ikalipa fidia. Nikamuuliza, na baada ya kukiri, watu waliacha kununua? Akasema hapana, mama, waliendelea. Nikamwambia ni rahisi kukiri ukishakuwa mkubwa.

Jumatano, 21 Mei 2025

Sijui niandikeje.

Nianze kwa mpangilio. Careen – binti wa Marangu, naye yuko hapa Guangzhou kununua mzigo, anauza spea za Toyota Arusha, na kopi za Benzi kidogo kwa wanaotaka rahisi. Kontena tunashirikiana, wakala wetu wa usafirishaji yuko Tianxiu ghorofa ya juu. Usafiri unalipiwa kwa ujazo, si kwa uzito. Kwa hiyo sote tunafanya wanavyofanya wote: tunatoa pedi kwenye maboksi, tunazipanga zikiwa uchi kwenye kiroba, maboksi tunayakunja yawe bapa kama chapati. Moshi, Goodness – binti wa kaka yangu, ndiye muuzaji wangu – anayakunjua na kurudishia. Nusu ya ujazo inaokolewa. Nilimfundisha mimi Careen hiyo mbinu! Nilijiona mjanja.

Leo tunakula tambi, Careen anacheka peke yake. Kuna dereva wa watalii Arusha amempigia kumshukuru. Pedi za kopi za mzigo wetu wa Machi, ati zinakamata kama mpya, hazipigi kelele, anataka nyingine zilezile. Careen anasema, dada Sia, sasa kopi zangu zimezidi orijino zako, utafunga duka!

Nikacheka na mimi. Halafu nikaacha.

Nikamwambia muombe picha ya nyuma ya pedi. Dereva akatuma. Namba imegongwa. 420 katikati.

Zangu.

Kama zangu ziko kwake – zake ziko wapi? Seti ishirini na nne alinunua yeye, ishirini na nne nilinunua mimi, viroba vyeupe viwili sawasawa. Wapakiaji wa wakala waliandika majina baadaye, wakiwa wamevifunga. Pedi iliyovuliwa boksi haina kabila. Wakakisia.

Nimempigia Goodness pale pale. Nikamwambia fungua boksi moja, geuza pedi, pitisha kidole. Akasema, shangazi, ni laini. Fungua la pili. Laini. Akafungua yote yaliyobaki, kumi na tano. Laini, laini, laini. Nikauliza hukuona ulipokuwa unapaki? Akasema, ulinifundisha kuangalia boksi.

Kweli. Boksi ni halisi. Stika ni halisi. Nimewatilia watu kopi kwenye boksi la kweli kabisa, ambalo yule wa lifti hana hata la kuliiga.

Seti tisa zimeuzwa. Sita kwa watu mmoja mmoja. Tatu kwa Dismas.

Dismas anakodisha Benzi tatu nyeupe za harusi, mjini Moshi. Goodness anasema Jumamosi hii ana harusi kanisa la Machame. Bibi harusi ni Bibiana, mwalimu wa chekechea. Baada ya ibada msafara unateremka hadi ukumbini mjini.

Unateremka. Ile barabara naijua. Tangu juu hadi barabara kuu hakuna tambarare ya kukaanga yai.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Nimekwenda kwa Laoban Lin na pedi moja ya kopi, ya aina aliyochukua Careen. Nimemuomba nyundo. Nimepiga mara moja pembeni. Ule mkate mweusi unaokamata diski ukabanduka wote kwenye chuma, kama ukoko wa ugali. Jovin akamuuliza kwa Kichina kama ni ile moja tu. Laoban akajibu, na Jovin akakawia kutafsiri. Anasema nyingine zitakaa mwaka, nyingine zitatoka zikipata joto. Hajui zipi. Gari la mji tambarare, sawa. Mlimani, yeye asingefunga.

Joto. Gari zito, watu wanne, mteremko mrefu, mguu kwenye breki.

Careen amekuja chumbani kwangu mchana. Amekaa kitandani, hajavua viatu. Kwanza alilia kidogo. Kisha akasema maneno yenye akili, ndiyo ubaya wake. Magari mangapi yanashuka Machame kila siku na breki za bei chee, na watu wanafika? Kwa nini lile la Dismas ndilo lishindwe? Mwambie Dismas Jumatatu ni huduma ya bure, abadilishiwe kimyakimya, yaishe.

Nikamwambia Jumatatu ni baada ya Jumamosi.

Ndipo akasema: "Dada, ukikubali mara hii moja, hakuna atakayeamini ilikuwa mara moja. Watasema Sia ametuuzia kopi miaka kumi na sita."

Kampuni ya Wajerumani ina mawakili na jumba la makumbusho. Mimi nina fremu mbili na mafundi wanaosema sentensi moja.

Sijala.

Ijumaa, 23 Mei 2025

Nimeanza kupiga simu. Kwa saa zao walikuwa wanakunywa chai.

Wa kwanza, mstaafu wa Bandari, alishukuru. Akasema atalipaki gari. Wa pili akauliza kama nitarudisha na gharama ya fundi. Nitarudisha. Wa tatu, mhasibu mmoja wa Bomang'ombe, aliniuliza taratibu kabisa, na zile shokomzoba za mwaka jana? Na ile pampu? Careen alijua itakuwa hivi. Nilijibu zile ni halisi, nikajisikia navyoongea. Kama tapeli. Tapeli husema hivyohivyo.

Saa moja baadaye mhasibu ameandika kwenye kundi la WhatsApp la wenye Benzi kanda ya kaskazini. Watu mia mbili na kumi. "Mwenye spea za kwa Sia azikague. Amekiri mwenyewe." Kukiri! Kama polisi. Wengine wakaweka vichekesho. Kuna aliyeandika kumbe nyota ya Sia ilikuwa ya Krismasi.

Goodness kafunga duka saa tano, fundi mmoja alisimama mlangoni anatukana.

Wote sita nimewapata. Dismas nilimwacha wa mwisho. Si kwa bahati mbaya. Huyu ndiye aliyeniletea wateja wakati sina jina; nikifa naye ndiye atakayebeba watu wangu kwenda makaburini. Nikasema nimpigie nikiwa nimezoea maneno. Nilipozoea, simu yake ikawa haipatikani. Goodness akaambiwa na mkewe yuko Rombo kwenye send-off, atarudi kesho asubuhi moja kwa moja Machame. Magari ameshayatanguliza huko na madereva.

Nimemtumia ujumbe wa sauti. Na picha ya pedi iliyobanduka. Tiki moja, haujafika.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Niko kwa Laoban Lin, kwenye stuli yake. Hapa ni jioni, Moshi bado mchana. Naandika ili mikono ifanye kitu.

Dismas nimempata. Nilisikia kwaya nyuma yake. Nikamwambia kila kitu, haraka, bila salamu. Kontena, viroba, nyundo. Nikamwambia usishuke na hayo magari, tafuta Noah, tafuta Coaster, nitalipa.

Akacheka. Si kwa dharau, kwa upole – kama unavyomcheka mtu mwenye homa.

Ameona maneno ya kundini, anasema. Anajua kinachoendelea. Kuna wakubwa wa Dar wamenibana, wamenilazimisha niseme hivyo ili wachukue wateja wangu. Yeye si mtoto. "Dada Sia, boksi nililifungua mimi mwenyewe, stika niliikwangua mimi mwenyewe kama ulivyonifundisha. Ningeamini kopi kwa mtu mwingine. Kwako wewe? Hapana."

Nikasema geuza pedi, pitisha kidole! Akasema nivue tairi mbele ya kanisa, mbele ya wakwe, na maua yameshafungwa? Akasema pumzika dada, uko mbali, una mawazo. Tukimaliza nitakutumia picha. Akakata.

Nimepiga mara nane. Amezima.

Miaka kumi na sita nimewafundisha watu wasinitilie shaka. Wameelewa.

Nimempigia Bibiana, haipokelewi; nani hushika simu siku ya harusi yake? Nimempigia mchungaji, yuko madhabahuni. Nimempigia Goodness. Nimemwambia achukue bodaboda sasa hivi, apande Machame, asimame mbele ya gari la kwanza, alale chini ikibidi.

Akauliza, "Shangazi, ikiwa wewe hakukuamini, mimi nimwambie nini?"

Nilifikiri. Laoban alikuwa anamimina chai, hakuniangalia.

Nikamwambia: "Mwambie Sia ni mwizi. Mwambie miaka yote nimekuwa nawauzia kopi, na wewe ndiye ulikuwa unazipaki, umechoka, umeokoka, unataka kutubu. Lia. Hilo ataliamini."

Akasema lakini si kweli. Nikasema najua si kweli! Nenda.

Jovin amekaa kando yangu, ameacha kutafsiri chochote. Ibada imeisha, kuna mtu ameweka picha kwenye kundi – Benzi tatu nyeupe, maua mekundu, nyota zimesuguliwa zinang'aa. Chini yake watu wanaandika hongera.

Ujumbe wa sauti umeingia kutoka kwa Goodness. Sekunde kumi na moja. Upepo, injini ya pikipiki inahema kwenye mlima. Anapiga kelele nisikie. Anasema amefika kona ya pili, msafara hauoni. Anasema lakini anasikia matarumbeta ya harusi, shangazi, juu, yanakuja. Ujumbe umeishia hapo.