Jozi moja ya viatu

Jumanne, jioni

Nami nilijiona fundi! Nimechora ule mzigo wetu wa kukimbia nao, unaokaa mlangoni tangu volkano ilipuke, na kwa habari hizi za waasi hauondoki: bidoni ya njano ya maji, sufuria, blanketi, viatu vyangu.

Jirani yetu, mwalimu wa sanaa, akasema, "Papa, hapa naona huzuni ya Goma nzima."

Nikavimba kichwa. Mke wangu akaitazama sana picha.

"Mimi naona viatu jozi moja. Muzee, tena utakimbia peke yako?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Siku ile ya moto wa volkano alinikuta mji wa Sake, nimetangulia, yeye na watoto mgongoni...

Nikaongeza viatu vyake, mbele ya vyangu. Akaguna.

"Vyako bado vinaangalia barabara."

Nimevigeuza.