Uliandika Saa 9

Baba Apolot,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya mtu. Yako naijua. Udongo niliumwaga kwa mkono wangu, kule kwenu Kumi, wazee wako wakiangalia, na askari wenzako wa magereza wamesimama kwa unifomu. Basi nianze na yetu. Mimi nipo. Apolot yupo. Sina la kuongeza hapo.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine. Kiteso chako nilijua salamu na majina ya chakula, na Kigisu changu ulikuwa unakivunja mpaka mama yangu anajificha jikoni acheke. Kiswahili ndicho kilitulea pale line, kwenye nyumba za askari, wewe Mteso, mimi wa mlimani, jirani Mwacholi, na watoto wote wanagombana kwa lugha moja. Mama hajakipenda mpaka leo. Akinisikia na Apolot anasema, "Hiyo lugha ya kuamrisha watu ungeiacha huko huko Jinja." Halafu Apolot anabana miguu, anampigia bibi yake saluti vile ulimfundisha, anasema, "Afande Kukhu, ripoti: uji umeisha." Mama anageuza uso. Sijui kama anacheka au analia, kwa sababu na mimi nageuza wangu.

Leo nimerudi Jinja. Naandika nikiwa nimekaa mwaloni, pale boti zinapotia nanga, juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa. Ni mchana, jua kali. Apolot yuko na yule mama anayeanika mukene, wale dagaa, anamsaidia kufukuza kunguru. Nimekuja kumuuliza Waiswa mwenye boti swali moja. Limenikaa kooni misimu miwili ya mvua, na sasa amenijibu. Lakini kabla sijafika hapo, acha nikuambie siku ile kwa upande wangu. Hukupata kuusikia.

Unakumbuka vile safari ilituingia nyumbani. Ulikuwa umengoja likizo muda mrefu, ikatoka siku mbili tu, ukasema siku ya kwanza ni ya sangara na ya pili ni ya kulala. Ukachora kisiwa nyuma ya kalenda, kikatoka kama kiazi. Hapa kwenye mawe ndiyo sangara wanakaa, hapa kwenye matete ni ngege. Ndoano kubwa kwa sangara, na chambo ni samaki mdogo akiwa hai. Ndoano ndogo kwa ngege, na hao ni wangu, kwa sababu ngege havuti mtu. Mimi nikakuuliza, "Na sangara anavuta?" Ukasema, "Anavuta kama sajenti wangu."

Halafu ukatufanyisha mazoezi juu ya kitanda. Kitanda kilikuwa boti. Wewe nyuma unashika mwiko, eti ndiyo injini, mimi katikati, Apolot kati ya magoti yangu. "Mama Apolot, boti haina mlango. Mtu akisimama tumekwisha." Apolot akasimama. Ukatupindua wote chini na blanketi, tukacheka mpaka yule Mwacholi akagonga ukuta. Mtoto bado anaucheza mchezo huo kwa kitanda cha mama yangu, kule Busiu. Anaweka mto nyuma. Mto ni wewe.

Jioni ya mwisho ukaja na habari kwamba umepata jaketi tatu za kuelea, za kuazima. Nikahesabu watu. Moja ya mtoto, moja yangu, moja ya Waiswa kwa sababu boti ni yake na kuogelea hajui. Nikauliza, "Na yako?" Ukasema, "Mimi ni mtu wa Bisina. Nimekunywa ziwa kabla ya maziwa. Maji yananijua." Nikakuambia hili si Bisina, hili ni Nyanza, halijui mtu. Ukacheka. Kile kicheko ndicho kilinikasirisha. Nikasema, "Basi siendi. Wala mtoto wangu haendi."

Siendi. Ndilo neno la mwisho ulilosikia kwangu. Ulivaa kofia, ukaenda zamu ya usiku, na simu ukaiacha mezani kama siku zote, kwa sababu ndani ya geti hamruhusiwi.

Asubuhi hasira ilikuwa imeisha. Nikaona karatasi uliyoiacha chini ya kopo la sukari. Uliandika vizuri, kwa mistari, kama mtu anayekabidhi zamu. Petroli. Ndoano. Maji ya kunywa. Kofia ya Apolot. Natoka kazini naenda moja kwa moja mwaloni, mnikute huko. Kuondoka saa 9.

Baba Apolot, mimi nimekulia Busiu. Nimesoma mpaka darasa la saba. Mtu akiniandikia saa 9, naisoma saa tisa, alasiri, jua likianza kupoa. Nikasema, kumbe amenifikiria, amechagua saa isiyo na jua kali ili mtoto asiumwe kichwa. Nikafurahi, wallahi, nikaimba kabisa nikiosha zile sahani. Umeme ulikuwa umekatika line, nikapeleka simu yangu dukani ichajiwe. Nikamsuka Apolot. Nikakaanga mihogo, nikaifunga kwa karatasi pamoja na chumvi na pilipili. Nilikuwa nimepanga nikifika nisiseme samahani kwa mdomo, nikupe tu muhogo wa kwanza.

Nilifika saa tisa kasoro. Watu walikuwa wamesimama wanaangalia maji. Kwenye mti wa kufungia boti zilining'inia jaketi mbili, kubwa na ndogo. Nikauliza, "Afande yuko wapi?" Mama wa mukene akamshika Apolot mkono, akampeleka kando. Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Boti imepinduka. Alikungoja tangu asubuhi."

Hapo ndipo nilielewa ile tisa. Mkono wako ulizoea kujaza kitabu cha zamu, na kitabu cha zamu kinahesabu saa kizungu. Saa tatu ya asubuhi yako ikatoka 9 kwenye kalamu. Wewe ulikosea kuandika, au mimi nilikosea kusoma? Nimejiuliza mpaka namba yenyewe siwezi kuiangalia. Ikiwa kwenye gunia, kwenye mlango, nainamisha macho.

Walikupata kesho yake. Waiswa alipona kwa ile jaketi, lakini alilazwa, na mazishini hakuja. Simu yangu kule dukani niliikumbuka siku ya tatu. Ilikuwa imechajiwa, imejaa, na ndani kuna simu nne zilizokosa mtu wa kupokea, zote za asubuhi ile, namba nisiyoijua. Nilijua ni simu ya Waiswa na kwamba mkono ulikuwa wako. Ulitaka kuniambia nini mara nne? Nilishindwa kuipiga ile namba. Kule Kumi shangazi yako alishasema mbele ya watu, "Mke angefika kwa wakati, nani angemwacha aende na upepo ule?" Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Lakini nililibeba.

Line tulitoka, nyumba ni ya askari na askari hayupo. Tuko kwa mama. Kila asubuhi napanda teksi mpaka Mbale, huko Industrial kwenye viwanda, nakaa chini na wanawake wengine tunachambua kahawa. Nyeusi huku, nzima huku. Ni kazi nzuri kwa mtu ambaye hataki kufikiri, ila mimi nafikiri. Wenzangu ni wacheshi. Mmoja aliniambia, "Wewe Jinja, hata kahawa inaona huruma ukiishika." Nikacheka, kisha nikawa siwezi kuacha, na kicheko kikageuka kilio. Ziko siku, Baba Apolot, nafika nyumbani sijui nimepitia wapi. Namwosha mtoto, namlisha, na mikono inafanya yenyewe. Mimi mwenyewe sipo. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: alikufa akidhani nimemkataa. Alikaa kwenye mchanga, akapiga simu nne, akasema, basi, alisema haji, na kweli hakuja. Akaenda peke yake na moyo umevunjika. Kama ni hivyo, niliona sina haki hata ya kukulilia.

Kwa hiyo wiki hii niliipiga ile namba. Ikaita. Waiswa akasema, "Mama Aporoti, nirijua iko siku utapiga." Unajua anavyozigeuza herufi. Akasema haya si maneno ya kusemea kwa simu, nije.

Amenikalisha hapa. Amekonda. Nilikuwa nimepanga namna ya kuuliza, ikatoka moja kwa moja: "Alisema nini nilipokosa kuja?"

Akaniambia ulikaa mpaka karibu saa nne ukiangalia barabara. Ulinipigia kwa simu yake mpaka chaji ikaisha. Halafu ukashika kichwa, ukauliza, "Waiswa, mimi nimeandika ngapi kwenye ile karatasi?" Kama yeye angejua. Ukaanza kucheka. Anasema ulicheka mpaka ukakaa chini. "Nimeandika tisa. Mimi naandika kama kitabu cha ofisi, na mke wangu anasoma kama mtu. Atakuja saa tisa." Waiswa akakuuliza, "Na kama arikasirika?" Ukamwambia, "Mama Apolot akisema siendi, anaenda kufunga mihogo."

Niliposikia hilo nilishika mtumbwi kwa mikono miwili. Nikadhani ndiyo mwisho wa jibu, na kwamba sasa nitapumua.

Lakini hajamaliza. Anasema uliona saa ni nyingi, ukataka kwenda mara moja pale kwenye mawe, upate sangara mmoja mkubwa umlaze kwenye mchanga, ili nikifika nimwone kwanza na woga uishe. Waiswa akavaa jaketi yake. Akakuambia, "Afande, vaa hii kubwa, mke bado." Ukaishika, ukaigeuza, ukairudisha kwenye mti. "Hii ni ya Mama Apolot. Ikilowa atasema imevaliwa na maiti. Acha aikute kavu."

Na ni kweli, ningesema hivyo. Ni maneno yangu kabisa.

Mlikuwa mmepata sangara, anasema, mkubwa, alikuwa bado anapiga mkia kwenye maji ya ndani ya boti. Upepo ukaanza. Yeye akataka mvutie boti kisiwani mkae mpaka utulie. "Nirimwambia, afande, tukae hapa, hata mpaka jioni, ziwa rimechafuka." Wewe ukaangalia jua. Ukasema, "Mke wangu anafika saa tisa. Hawezi kufika akute maji matupu." Ukawasha injini.

Basi ndilo jibu. Nililiogopa kwa sababu nilidhani utakuwa umenikasirikia, na hukunikasirikia hata dakika moja. Ungekasirika ungevaa ile jaketi. Ungekasirika ungekaa kisiwani mpaka jioni, uniache ningoje nikome. Wewe uliniamini, Baba Apolot. Uliniamini mpaka ukaniachia jaketi kavu, na nilikuja kweli, saa ile ile uliyosema nitakuja. Sijui hili nalipeleka wapi. Lile la kwanza nilikuwa nimelizoea, lilikuwa limepata mahali pake kifuani. Hili ni jipya, halijui pa kukaa.

Waiswa alikuwa analia. Akasema, "Ningekataa. Boti ni yangu, ningekataa." Nikamwambia hakuna mtu aliyewahi kukukataza kitu. Nimesema hivyo kwa ajili yake. Sijui kama nimesema na kwa ajili yangu.

Jua limeanza kushuka na teksi za Mbale hazingoji. Apolot ameshaingiza miguu majini, mpaka kwenye vifundo, ameshika gauni la yule mama. Nilisimama nimwite, nikaona anacheka kwa jinsi maji yanavyomtekenya. Nimemwacha kidogo. Mama wa mukene anasema hapa kuna wasichana wanaojua kuogelea, na kwamba nikimleta siku za mapumziko watamfundisha. Nikamuuliza kama wanafundisha na watu wazima waoga wa mlimani. Akanitazama, akasema, "Mguu ni mguu, wa mtoto au wa mkubwa."

Nakuahidi hilo. Tutajifunza wote wawili, yeye kwanza, mimi nikiwa na hofu yangu. Sikuahidi furaha, sina. Nakuahidi nitaendelea kuamka, na siku moja mimi mwenyewe nitakuwemo nyuma ya mikono yangu inapomwosha mtoto.

Kaa salama huko kwa baba zako. Apolot atakua, na ataniuliza, wenzake wameshaanza kumwuliza. Watamwambia baba yake alikwenda ziwani akapotea. Mimi nitamwambia hakuwa anakwenda. Alikuwa anarudi.

Ni mimi,
Mama Apolot