Kikao cha Mwatima

Chukwani, 12 Machi 1954

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mume wangu Shaame kaandika kutoka melini kuwa ni mzima. Mguu wako unaendeleaje? Baada ya salamu, Mama, kuna jambo limenishitua.

Tangu Mwatima arudi kutoka kwako Ng'ambo, magharibi ikiingia hutoweka. Jana nikamfuata. Nimemkuta nyuma ya banda la kuku, kapiga magoti, kanipa mgongo, ananong'ona. Kuniona akaruka. "Bibi kasema nisikwambie bado!"

Umembatiza mwanangu? Unajua nilivyovutwa huku na huku, kanisa lako na msikiti wa marehemu Baba, mpaka nikaacha vyote na kuapa mtoto wangu hatopelekwa kokote. Ikiwa umembatiza, hatokanyaga tena kwako.

Mwanao,
Wanu

Ng'ambo, 15 Machi 1954

Mwanangu Wanu,

Marahaba. Mguu bado, lakini natembea. Barua yako nimeipata. Hatokanyaga kwangu! Umenichoma, mwanangu.

Sikumbatiza. Nilimpeleka chuoni kwa Bi Mwanakheir, nyuma ya nyumba yangu. Naam, mimi Rebeka, na msalaba wangu shingoni. Aliwasikia wenziwe wakisoma Kurani, akaniuliza kwa nini yeye hana pa kusoma. Nilimkumbuka baba yako Usi alivyokuadhinia sikioni siku uliyozaliwa, machozi yanamtoka. Na mtoto ni wa Shaame, Mwislamu, nisingemwiba kumpeleka kanisani kwangu.

Kila asubuhi nilikaa barazani nje, viatu vyake mapajani, nikimngoja. Watu walidhani mimi yaya wake. Nilimwambia asikwambie kwa kuwa nilijua utafoka, na kweli umefoka. Mkalishe akusomee.

Mama yako

Chukwani, 2 Aprili 1954

Bismillahi Rahmani Rahim

Mama yangu,

Shikamoo. Sote wazima, alhamdulillahi. Nisamehe kwa maneno yangu. Kumbe yale magoti yalikuwa kikao cha tahiyatu katika sala, na mimi, binti wa Usi, sikukijua!

Nilimkalisha. Akaisoma Alhamdu yote, akivuta maneno kama Baba. Nikaduwaa na mwiko mkononi, wali ukaungua. Kisha akasema, "Sasa wewe, Mama." Nikaanza, nikafika katikati, nikapotea. Mtoto wa miaka saba akanishika mkono, akanikumbusha neno baada ya neno. Nililia mbele yake. Sikujua kuwa kitu hiki bado kimo ndani yangu.

Sasa tunasali pamoja. Ramadhani hii nitafunga, mara ya kwanza tangu utoto. Nina furaha, Mama, na furaha yenyewe inanitisha. Uje tule Idi.

Mwanao,
Wanu

Ng'ambo, 12 Mei 1954

Mwanangu,

Marahaba. Saumu inakwendaje? Usiache kula daku. Najua nimenyamaza mno, wala si ugonjwa.

Ni lile neno ulilolitanguliza juu ya barua. Hujapata kuniandikia hivyo. Nililiona, nikaikunja barua, nikaiweka chini ya mto. Nilidhani nitafurahi, maana mtoto nilimpeleka kwa miguu yangu mwenyewe. Badala yake nimepigwa na bumbuwazi.

Nikwambie kweli. Miaka yote ulipokuwa huna dini nilijipa moyo kuwa siku moja utarudi, na kwamba utarudi kwangu. Sasa wewe na Mwatima mko upande mmoja, na mimi nakwenda kanisani peke yangu na mguu huu. Sikukasirikii. Naogopa tu kuwa nimekupoteza. Hiyo Idi sijui kama nitakuja.

Mama yako

Chukwani, 16 Mei 1954

Bismillahi Rahmani Rahim

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Neno la juu nimeliandika tena, sitaki kukuficha. Barua yako imenikata maini.

Nilimwambia Mwatima kuwa Bibi huenda kanisani peke yake. Akashituka kuliko mimi. "Kwani nani humshikia viatu?" Nikamwambia kanisani hawavui viatu. Akafikiri kidogo. "Basi nani humngoja nje?"

Nikachukua kalamu.

Usije Chukwani. Idi tutakuja kuila kwako, na tutabaki mpaka Jumapili ya Pentekoste. Siku hiyo nitakushika mkono hadi mlangoni pa kanisa. Ndani sitoingia, Mama, usinitarajie. Lakini tutakaa pale nje, mimi na mjukuu wako, mpaka utoke. Wakidhani sisi ni mayaya wako, na wadhani.

Mwanao,
Wanu