Sabufa Kwenye Kiti cha Mama

Tarehe 9 Februari

Kitindamimba wangu,

Pokea salamu za baba yako. Mimi ni mzima, ila magoti, ambayo siku hizi yananitangazia mvua kabla ya redio. Wewe je, kifua kimepona? Baridi ya huko usiifanyie ujeuri, vaa soksi mbili.

Simu yako ya juzi niliipokea lakini sikuambulia kitu. Sauti yako naisikia kama nyuki ndani ya chupa. Miaka niliyoishi na mashine ya kusaga imenila masikio upande wa sauti nyembamba, na wewe na mama yako wote mlizaliwa na sauti nyembamba. Basi tuandikiane tu, kama watu wa zamani.

Nina swali linalohusu kazi yako. Runinga uliyotutumia ni nzima na picha yake safi, lakini maneno yananipita juu juu. Ngurumo naisikia. Mlango ukibamizwa nausikia. Nimeamua kununua sabufa, ile spika ya sauti nene, ili angalau hivyo vinifikie vizuri. Muuza duka ananisukumia dubwana lenye taa za rangi, anasema litatikisa madirisha. Nikamwambia madirisha yangu hayajamkosea mtu. Wewe unayewafungia matajiri sinema za nyumbani, niambie: ninunue kubwa au ndogo? Na nikiileta, niiweke wapi? Sebule unaijua. Kiti changu kiko pale pale katikati, cha mama yako kiko kwenye kona.

Kaka yako bado anataka nihamie kwake. Namwambia nyumba hii haiko tupu.

Ni mimi,
Baba yako


Tarehe 27 Februari

Shikamoo baba,

Kifua kimetulia na soksi ni mbili, kama ulivyoagiza. Magoti yakande kwa maji ya moto, uyapunguzie kazi ya kutabiri hali ya hewa.

Dubwana la taa liache huko huko dukani. Sabufa ziko za aina mbili. Moja sanduku lake lina tundu la kupumulia. Hiyo inapiga kwa nguvu, lakini haijui kunyamaza. Ngurumo imeshapita, yenyewe bado inaguna. Nyingine imezibwa pande zote. Haina majivuno, ikisema imesema, basi. Sebule yetu ni ndogo, chukua iliyozibwa. Ligonge sanduku ubavuni kwa kidole: likilia kama debe, rudisha, likilia kama mlango mzito, hilo ndilo lako.

Kuhusu pa kuiweka. Sauti nene inagonga ukuta na kurudi, na ikirudi inakutana na inayokuja. Kuna mahali zinasaidiana, na kuna mahali zinafutana kabisa, hata mtu akikaa hapo hasikii kitu. Ndiyo maana sisi mafundi tuna mchezo wetu wa kuchekesha. Tunaibeba sabufa na kuikalisha kwenye kiti cha msikilizaji, kana kwamba yenyewe ndiyo mgeni. Tunaipigia muziki wenye besi inayojirudia. Kisha fundi anatambaa sakafuni kandokando ya kuta, sikio chini, akisikiliza. Atakapokuta sauti imejaa bila kuguna, hapo ndipo pa kuiweka. Kinachosikika vizuri kutoka kitini hadi pale kitasikika vizuri kutoka pale hadi kitini. Tandika blanketi, usiwaudhi wale watabiri wako.

Hilo ulilomwambia kaka kuhusu nyumba sikulielewa. Au nimelielewa nikaogopa kuuliza.

Wako,
Kitinda


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Salamu kwanza. Sijambo, ingawa magoti yameapa hayatanisamehe. Natumaini nawe umeamka salama huko uliko.

Sabufa nimenunua, iliyozibwa, inalia kama mlango mzito. Na nimetambaa. Nilikuwa nimefika nyuma ya kabati pale jirani yetu mshonaji alipoingia bila hodi, akanikuta nimepiga magoti, sikio sakafuni. Akasema, "Mzee, meno yameangukia wapi nikusaidie kutafuta?" Nikamwambia natafuta mahali pa sauti. Akatoka kinyumenyume, na tangu hapo ananiletea uji bila kuombwa.

Sasa sikiliza. Sabufa niliikalisha kwenye kiti cha mama yako. Umeandika kiti cha msikilizaji, na katika nyumba hii msikilizaji alikuwa nani? Mimi nilikuwa mtu wa kusinzia. Unakumbuka alivyoichagua ile kona ili kuta mbili zimlinde mgongo, sinema ikitisha mtu asimtokee kwa nyuma. Nikatambaa hadi kando ya mlango, pale nikaikuta sauti imejaa. Nikaiweka hapo.

Alasiri nikaweka sinema ya askari kanzu, nikakaa kwenye kiti changu. Mwanangu, sikusikia kitu. Nikadhani nimeuziwa sanduku tupu. Halafu kule kwenye kona kiti cha mama yako kikalia. Mlio wake ule ule, alipokuwa akiinama mbele kumwambia mtu wa kwenye picha ageuke nyuma. Mlango wa kwenye sinema ukabamizwa, kikalia tena. Nikainuka nikakisogelea, na nilipofika pale sauti ikanipokea mwili mzima, kutoka kifuani hadi kwenye meno. Imejaa pale tu. Sikukikalia. Nilirudi kitini kwangu nikatulia, nikamwachia aangalie.

Sikuogopa. Nakwambia wazi, nilifurahi kuliko siku yoyote tangu tumzike. Sasa kila alasiri namwekea sinema, na kila sehemu ya kutisha ananijibu. Mikono yako ni ya fundi kweli.

Baba yako anayekupenda


Tarehe 10 Aprili

Shikamoo baba,

Mimi ni mzima. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, koti nimelivaa mkono mmoja, na kazini nikachelewa.

Niruhusu niseme kama fundi, maana nikisema kama mtoto wako sitaumaliza ukurasa huu. Kiti chako kiko katikati ya chumba, na katikati ndipo sauti nene inapofutika. Cha mama kiko kwenye kona, na konani ndipo inaporundikana. Umeipangia kona sauti yote, na wewe mwenyewe umejikalisha penye kimya. Na hicho kiti kinachojibu ni mguu wa nyuma, baba, gundi imekauka na skrubu imelegea. Chochote kilicholegea kikipata sauti inayolingana nacho kitatetemeka. Nimeona vijiko vya watu vikifanya hivyo kabatini, nimeona picha ukutani. Kaza skrubu, kitanyamaza.

Mteja akikaa kwenye kiti chake asisikie, lawama ni ya fundi, na mteja wangu mimi ni wewe. Rudia upya. Iweke sabufa kwenye kiti chako, utambae tena. Wanaowekewa sauti ni walio hai. Mama hayupo. Ona, nimeliandika na mkono haujakatika.

Kula vizuri, na mshonaji mwambie nashukuru kwa uji.

Kitinda wako


Tarehe 2 Juni

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Nimekawia kukujibu na sikuwa mgonjwa. Nilinuna. Baba naye ana haki ya kununa.

Barua yako niliitia mfukoni nikaenda nayo kwa kaka yako, nikakaa wiki kadhaa. Wajukuu wananipigia kelele sikioni kwa mapenzi, chakula kizuri, kitanda laini. Lakini mezani watu wakicheka, mimi nilikuwa nacheka baada yao, bila kujua kilichochekesha. Siku moja mkwe wangu aliniuliza jambo, nikamjibu jingine kabisa, wote wakaniangalia kwa huruma. Nikawaza, kumbe mzuka ni mimi. Nimekaa katikati ya watu na hakuna kinachonifikia. Nikamwomba kaka yako anirudishe nyumbani.

Skrubu sijakaza, usinisukume. Lakini lile la sabufa nimekutii. Nimeikalisha kwenye kiti changu, mlango nikautia komeo ili mshonaji asinizushie mengine, nikatambaa. Kando ya mlango hakuna kitu. Chini ya dirisha inaguna. Nyuma ya kabati inakuja na kupotea. Nimezunguka kuta zote, na palipojaa ni mahali pamoja tu. Ni kona ile. Ilinibidi niingize kichwa na mabega chini ya kiti cha mama yako, nikalala pale kifudifudi, na sauti ikanizunguka kote.

Kwa hiyo, ili mimi nisikie, lazima kiti chake kitoke. Nimekaa na jambo hili muda, nimemuuliza na yeye. Hakusema ndiyo wala hapana, ila alilia kidogo, ule mlio wake. Nimeamua kufuata ulivyosema, kwa kuwa kazi hii unaijua wewe. Jumamosi ijayo nakitoa. Ni kizito lakini nitakiburuta juu ya gunia, kama tulivyokuwa tukiburuta mawe ya kusagia.

Baba yako


Tarehe 20 Juni

Baba, shikamoo,

Hali nitakuuliza mwishoni, nisamehe. Usikitoe.

Najua Jumamosi uliyoitaja imeshapita. Naomba iwe magoti yalikukatalia, naomba iwe mvua ilinyesha, uwe umeghairi. Kaka nilitaka kumpigia nikashindwa. Ningemwambia nini, kwamba mtu mzima mimi nalilia kiti?

Siku mliyomzika mama nilikuwa juu ya ngazi sebuleni kwa watu, nafunga spika. Kibali cha kusafiri kilikuwa hakijatoka, na kukaa chumbani peke yangu niliogopa. Mwenye nyumba akaniuliza mbona nafunga skrubu ile ile mara tatu. Sikumwona mama akishushwa. Nyie mliomzika mnajua alipo. Mimi nikifumba macho yuko pale pale kwenye kona, miguu ameikunja, anamwambia mtu ageuke nyuma. Nikiingia katika sebule ya mteja, kabla sijafungua boksi, naitazama kona kwanza. Sijamwambia mtu. Nilikuandikia kwamba hayupo kwa sababu ilikuwa rahisi kukwambia wewe kuliko kujiambia mimi. Ukikitoa hicho kiti, baba, mimi nitamweka wapi?

Kibali sasa ninacho. Desemba nakuja. Kiache mpaka nikione, kisha nitakufungia sabufa mwenyewe, hata kama itabidi tubomoe ukuta.

Hali yako je, baba? Niambie kweli.

Mwanao


Tarehe 14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza hali mwishoni, nami nakujibu mwanzoni: mimi ni mzima, na sikudanganyi.

Barua yako imenikuta nimeshakitoa. Nilikiburuta Jumamosi ile hadi kwenye ujia wa vyumba vya kulala, nikakifunika shuka. Sabufa ikaingia kwenye kona. Nikakaa kwenye kiti changu nikabonyeza rimoti. Mwanangu, nilisikia. Treni ya kwenye sinema ilikuja kutoka mbali, ikapita chini ya nyayo zangu, ikaenda zake. Nikalia, nikairudisha treni nyuma, nikalia tena. Mshonaji alikuja na uji akakuta naangalia treni ile ile, akakaa naye akaitazama. Zilikuwa siku nzuri, sitakuficha.

Nilipoisoma barua yako sikungoja kesho. Sabufa nimeirudisha mlangoni, na kiti nimekirudisha kwenye kona, miguu yake juu ya alama zile zile za zulia. Mimi nipo katikati na kimya changu. Usinionee huruma, kuanzia leo hadi Desemba si mbali, na mtoto hanunuliwi dukani.

Lakini kuna jambo lazima nikwambie, usije ukasafiri mwendo wote huo na moyo uliodanganywa. Alasiri ile ile niliyokirudisha kiti, niliweka sinema ya askari kanzu. Mlango ukabamizwa, bunduki zikalia, nikaongeza sauti mpaka madirisha yakatikisika. Kiti hakikujibu. Skrubu sikuigusa. Wewe utasema mguu umekaa sawa sasa, na huenda ni kweli. Nikaenda nikakikalia, mara yangu ya kwanza tangu aondoke. Kilikuwa na joto la jua la dirishani, basi. Hakina mtu. Zamani alikuwamo, au alikuwamo ndani yangu, sijui. Nilipokitoa alitoka, wala sikuona amepita wapi. Nilimwita kwa jina. Sikuwahi kumwita tangu tumzike, kwa sababu niliamini yuko pale.

Basi kiti kinakungoja, ila kiti tu. Ukifika hatutakigusa siku hiyo. Utakikalia kwanza. Ulie utakavyo, kwa nguvu upendavyo, mimi masikio yangu ni mabovu, sitakuingilia. Na siku utakayosema uko tayari, mimi nitashika mbele, wewe utashika nyuma, tukitoe polepole kupitia mlango wa mbele, mchana, watu wakiona. Mama yako alibebwa na watu wengi na wewe hukuwepo. Hiki tutakibeba wawili.

Baba yako