Chungu Kilichokuwa Golini

Kaka yangu Yohana,

Mbukwa. Huku Kilombero bado tunakata miwa. Mwili upo, ila mikono imechakaa.

Wiki iliyopita alikuja kibarua mpya kutoka nyumbani. Tulipokuwa tunakula nikamuuliza habari za Majengo, akaniambia mke wa Mzee Ndahani, yule mtunza uwanja wetu, amefariki. Nikauliza msiba ulikuwaje.

"Msiba gani?" akasema. "Jeneza lilibebwa na watu wanne, na mmoja ni mzee mwenyewe. Nani aende kuzika kwa mchawi?"

Nikamuuliza kama wewe ulikwenda. Akasema ulikaa mlangoni kwako ukawaangalia wakipita.

Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ningekata katikati. Na ukishasoma, naomba barua hii uipeleke kijiweni kwa wazee wa timu isomwe kwa sauti, kwa sababu uongo nao ulitangazwa kwa sauti.

Unakumbuka timu ilivyoanza? Wauza mtama wa sokoni walichanga mpira mmoja, na Bwana Karim wa duka la vitambaa akatoa jora la rangi ya damu ya mzee lililokuwa limekosa mnunuzi. Kilikuwa kitambaa cha mapazia. Jezi zile zilikuwa nzito, mkitoka jasho mnatembea kama mmebeba maji. Mlipokwenda kucheza Manyoni, watu wakapiga kelele, "Mapazia hayo! Mapazia yanacheza mpira!" Mkifungwa bao: "Fungeni dirisha, upepo unaingia!" Mlirudi na ushindi, na jina mkarudi nalo. Hata tulipopata jezi za kiwandani tulikataa rangi nyingine.

Miaka ikapita, tukapanda daraja baada ya daraja hadi ligi kuu. Siku ile walipokuja wakubwa wa Dar es Salaam, sokoni magunia yaliachwa wazi bila mwenyewe. Ulidaka penalti dakika za mwisho. Bwana Karim, na uzee wake, aliruka hadi kiatu kikapotea, akarudi nyumbani na kimoja, anacheka njia nzima. Ulibebwa begani kutoka uwanjani hadi Majengo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokubeba, bega la kushoto. Sijawahi kuwa na siku nyingine kama hiyo.

Msimu uliofuata timu iliumwa, kila wiki tunafungwa. Ikabaki mechi moja ya Jumapili, nyumbani, tushinde au tushuke.

Sasa nisikilize, kaka.

Jumamosi asubuhi kamati ya ufundi iliniita nyuma ya ghala. Kazi ya kamati ile sote tuliijua, na haikuwa kufundisha mpira. Walikuwa wanne. Walinipa chungu kidogo, ukubwa wa kikombe, kimefungwa kitambaa. "Kazike goli la kaskazini," wakasema. "Kipa wao atakuwa kipofu." Nikauliza kwa nini mimi. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, akanijibu, "Wewe una mikono ya kazi, na ni ndugu wa kipa, hakuna atakayekushuku. Au unataka kaka yako ashuke daraja?"

Nilikuwa mtu mzima, nabeba magunia, nina mke. Sikuwa mtoto wa kutumwa. Nilikwenda mchana, Mzee Ndahani akiwa amekwenda kula, nikachimba katikati ya milingoti. Mvua zilikuwa zimekata na udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Nilichimba kina cha kiganja nikachoka. Nikafukia, nikakanyaga, nikaondoka.

Tulikuwa watu watano, mmoja mwalimu, na hakuna aliyekumbuka kwamba kipindi cha pili timu hubadilishana magoli. Tulilifikiria goli lile kama ni la wageni peke yao. Hata shilingi ya mwamuzi ingeanguka vipi, wewe lazima ungesimama pale.

Jioni nilirudi kuangalia kama alama zinaonekana. Nikamkuta Mzee Ndahani anamwaga maji palepale. Alikuwa anayateka bombani nje ya uwanja, ndoo mbili kila safari, peke yake. Nikamwamkia.

"Marahaba. Unamtafuta kaka yako?"

"Hapana mzee, napita tu."

"Mwambie kesho aruke bila woga. Udongo huu hauna huruma, Jumapili iliyopita alichubuka hadi nyonga. Nimemlainishia."

Nikajibu, "Haya mzee." Nikaenda zangu. Kaka, nilisema haya mzee.

Yaliyofuata unayajua wewe kuliko mimi. Dakika ya ishirini na kitu ulirukia mpira wa chini kushoto kwako. Ukaudaka. Halafu hukuinuka. Chungu kilipasukia chini yako, kigae kikaingia juu ya kifundo cha mkono. Wakati wanakutoa, mtu akapiga kelele jukwaani, "Nilimwona jana! Ndahani alikuwa na ndoo golini!" Wakamfuata. Nilimwona akipigwa na viatu, akikinga kichwa, anasema, "Nilikuwa namwagilia, jamani, namwagilia tu." Wale wa kamati walikuwa hapohapo. Mwalimu aliangalia chini. Mimi nilishika machela yako, nikajidanganya kwamba mikono yangu ina kazi.

Tulifungwa matatu. Tukashuka. Ulitoka hospitali na vidole vilivyokunjika, ukaniambia, "Yule mzee nilimwita baba." Nikakubebea mfuko wako, tukaenda nyumbani. Baadaye tulishuka tena, wafadhili wakaondoka, mwishowe kampuni moja ikanunua nafasi yetu, ikaihamishia mji mwingine na kubadili rangi. Nasikia siku hizi watumishi wa serikali waliohamia Mtumba wanajaza uwanja ule ule kushangilia timu walizokuja nazo, na ukitaja Mapazia wanauliza unauza wapi.

Watu husema Ndahani aliiua timu. Mimi nilikimbilia huku kwenye miwa, kila msimu nasema huu wa mwisho nirudi niseme. Misimu imekuwa mingi. Na yeye amebaki pale, nyumba tatu kutoka kwako, watoto wanavuka barabara wakimwona.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka nisikanyage kwako, sitakanyaga. Mkono ule ni wako na mimi ndiye niliyeuharibu, nikakuacha umchukie mtu aliyekuwa anakulinda. Lakini usimwache azikwe na watu watatu.

Huyu kibarua ameniambia bomba la jirani wanamfungia, na aliyekuwa anamtekea mbali alikuwa mkewe. Kwa hiyo nakuomba, kabla ya kwenda kijiweni, chukua ndoo ya maji kwa huo mkono wa kulia ulio mzima. Ipitishe katikati ya mtaa, mchana, watu wakuone. Ukifika mlangoni mwamkie, uitue, umwambie imetoka kwa kipa wake.

Mdogo wako, niliyechimba,
Elia