Doto Alipomrithi Kulwa Angali Hai

Shemeji Mfaume, acha kahawa, soma.

Shamila, mjukuu wangu fundi kompyuta wa Mtendeni, zile sauti za wazee alizokusanya zimeharibika. Na ya marehemu mke wangu Zamda imo!

Alifunga kompyuta mbili, akaziita Kulwa na Doto kama mapacha, zinatumia kasha moja la kuhifadhia sauti hizo. Doto anamwamkia Kulwa shikamoo kila sekunde. Asipoitikiwa, ajue mwenzie kafa, abebe mzigo yeye.

Leo waya wa salamu umechomoka. Doto karithi. Kumbe Kulwa hajafa! Hajafa, Mfaume! Wote wawili wakawa wanaandika kwenye kasha lilelile, huyu juu ya huyu.

Mwalimu wa Shamila alimwambia: kabla Doto hajarithi, kwanza amkatie Kulwa umeme. Akakataa. "Babu, ningemwamuruje Doto amuue pacha wake?" Analia mpaka sasa.

Tumefungua sauti ya Zamda. Kaniita vizuri, "Baba Anifa..." Mara marehemu Kasimiri, yule mzee aliyerekodiwa habari za wapagazi, akamalizia: "...aliondoka na mzigo, hakurudi."

Nimetoka nje.

Mfaume, zile sauti Zamda alizokuwa akikutumia kwenye simu, hujazifuta? Niambie hujazifuta.