Gari Lisilo na Kabureta

Baba Devota,

Sina anwani yako, ndiyo maana barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Na kama huko uliko kuna mwanamke anayekusomea barua, naye asome, sina la kumficha. Mdogo wako Laurenti ameketi uani tangu asubuhi pamoja na wazee wawili wa ukoo, wanakunywa rubisi yangu ya ndizi na kuningoja. Wanataka ruhusa ile ile wanayoitaka tangu vita viishe: wakate mgomba, wauvike shati lako, wauzike mahali pako, kama wafanyavyo watu wetu kwa mtu aliyepotea na mwili haukuonekana. Kila walipokuja niliwakatalia. "Hatuziki mtu aliye hai," niliwaambia. "Mtu wenu yuko hai na ana mwanamke." Laurenti hushika kichwa nikisema hivyo. Leo, kabla sijawatokea, nataka tuzungumze kwanza mimi na wewe kuhusu lile gari lako.

Unakumbuka siku ulipolileta Ntobeye? Yule daktari wa Kijerumani uliyekuwa unamwendesha pale misheni alikuwa anarudi kwao, klachi imekufa, akakuachia. Ukaingia kijijini gari likivutwa na trekta, wewe nyuma ya usukani umejinyoosha kama bwana harusi. Kijiji ndiyo kwanza kilikuwa kimepangwa, nyumba zote mstari mmoja, shamba la pamoja linatungoja, na hapo ndipo unapotuletea gari la milango miwili, jipya machoni, la rangi ya chungwa! Balozi wetu wa nyumba kumi alilizunguka, akachungulia chini yake, akauliza, "Hili ni la nani hasa?"

"Langu," ukasema.

"Lako peke yako?"

Tangu siku ile alitutazama kwa jicho la pembeni, na mimi nikawa naficha hata sukari akipita. Lakini wewe ulikuwa huoni kitu. Ulikuwa umenitongoza kwa kuniambia, "Sitakuletea nyumbani kitu cha kawaida," na sasa ulikuwa na ushahidi.

Ukanifundisha, nitake nisitake. Mimi napepeta maharage, wewe unanihesabia magari ya Wajerumani kutoka kwenye magazeti ya daktari. Kuna 1602, mdogo wao, nguvu za farasi themanini na tano. Kuna 2002 ya kawaida, kabureta moja, farasi mia. Kuna 2002 ti, kabureta mbili, farasi mia na ishirini. Halafu kuna letu, 2002 tii, farasi mia na thelathini, na hapo ulikuwa unasimama. Kulikuwa na turbo pia, farasi mia na sabini, ambayo jina lake limeandikwa mbele kinyumenyume ili dereva unayemfuata alisome kwenye kioo chake akupishe. Mimi nikakuuliza, na barabara ya huku nani atakupisha, mbuzi? Ulicheka mpaka ukakohoa.

Zile herufi tatu nyuma ya buti, tii, ulizisugua kwa majivu kila Jumapili. Padre alipozisoma alisema siku hizi hata magari yanahubiri.

Na kila mgeni aliyefika kwetu, kabla hajapewa maji ya kunywa, alipelekwa kuona injini. Boneti ile hufungukia mbele, tofauti na za wenzake, na wewe ulieleza ni kwa nini: ikifyatuka ukiwa mwendoni, upepo wenyewe unaifunga. Injini sentimita za ujazo 1990, pistoni nne, imelazwa ubavu ili boneti isinyanyuke juu. Breki za mbele diski, za nyuma ngoma. Matairi ya nyuma kila moja na mkono wake, kwa hiyo moja likiingia shimoni jingine halina habari. Mwisho kabisa, kwa sauti ya kanisani, ulionyesha pampu. "Gari hili halina kabureta," ulisema. "Pampu hii inazipelekea pistoni petroli yake, kila moja na fungu lake." Kama watoto wanne wanalishwa kwa kijiko, ndivyo nilivyolielewa mimi. Gari halina kabureta. Nilishika hilo, Baba Devota. Ulidhani napepeta maharage tu.

Kisha petroli ikawa ya shida, na wewe ukabadilika. Siku za kazi uliendesha lori la ushirika, Jumamosi ukachukua gari lako kwenda Nyakanazi kutafuta petroli kwa madereva wa malori, ile ya madebe ambayo kila mtu alijua ina mafuta ya taa ndani. Mara ukaacha kuwaonyesha wageni injini. Hivi hivi tu. Binamu yangu alikuja kutoka Kasulo, akasimama mwenyewe mbele ya boneti akingoja, ukamwambia injini ina moto. Gari lilikuwa halijawashwa tangu jana yake! Baada ya hapo nikakukuta umefunga mnyororo na kufuli kwenye mkono wa kufungulia boneti, kule chini miguuni, na ufunguo umeuvaa shingoni pamoja na msalaba. Mtu mzima anafungia nini kwenye injini? Nikaanza kukutazama.

Halafu kitenge changu cha maua ya njano kikapotea. Nilipindua nyumba nzima. Wewe ukasema labda mbuzi. Mbuzi gani anakula kitenge chote na asibakize hata pindo?

Halafu ile Jumapili. Unajua ilivyokuwa: Jumapili ikifika saa nane mchana, gari la mtu binafsi lisionekane barabarani, amri ya serikali. Ulitoka Jumamosi, Jumapili hukuonekana, ukarudi Jumatatu jua limepanda, macho mekundu. Nikakuuliza ulikuwa wapi.

"Nilikwama Nyakanazi," ukasema. "Kabureta iliziba. Nilipomaliza kuisafisha saa nane ikawa imepita."

Kabureta! Nikasema moyoni, kabureta ipi, mume wangu? Nilisema moyoni tu, maana nilitaka uongo wako ukomae vizuri kwanza nikuvune nao. Nikapokea shati lako nikalinusa. Lilinuka sabuni ya manukato. Wakati ule Ngara nzima hakuna kipande cha sabuni, tunafulia majani ya mpapai, na wewe unarudi unanukia maua! Nikaenda jikoni nikakaa kwenye kigoda. Na ikawa mtindo wako. Kila baada ya muda, kabureta imeziba, na sabuni ile ile.

Nilikuwa nakaribia kukuvuna, nduli wa Uganda akavamia Kagera. Redio ikawa haizimwi, mgambo wakalala njiani wakiuliza kila mgeni anatoka wapi. Wakaja kukusanya magari ya kupeleka mbele. Ofisa akalitazama la kwako, akapima kwa kiganja nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, akacheka. "Hili litakwama hata kwenye matuta ya viazi. Dereva wake ni nani?" Wakaliacha gari, wakakuchukua wewe, pamoja na lori la ushirika, kupeleka chakula cha wanajeshi Kyaka na ng'ambo yake. Hukubisha hata kidogo, na hilo nalo nililiwekea alama.

Ulinishika bega pale mlangoni. "Mama Devota, boneti usiifungue. Nikirudi nitakuonyesha mwenyewe."

"Nenda salama," nikasema. Macho yangu yalikuwa kwenye ule ufunguo shingoni. Nikajiuliza, mtu anakwenda vitani, ufunguo wa kufuli la gari wa nini?

Wenzako walirudi, wengine na redio, wengine na vitambaa vya Uganda. Lori halikurudi, na wewe hukurudi. Ofisini waliniambia huonekani kwenye wafu wala kwenye wazima. Kijiji kikaanza kulia, na mimi ndipo nikasikia kutoka kwa dereva mmoja kwamba alimwona mtu mrefu kama wewe kule Masaka, Uganda, amekaa barazani kwa mwanamke anayekaanga samaki. Wee! Nilisimama palepale. Nikafuta machozi, nikawaambia waombolezaji waende kwao. Majirani walisema nimechanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu zote: kabureta, sabuni, kitenge, kufuli, sasa na samaki.

Nikapanda basi mpaka Nyakanazi kwenye ile nyumba ya wageni uliyokuwa unalala. Mwenyewe, Adela, alikuwa anachambua mchele. Sikumsalimia.

"Mume wangu alikuwa analala hapa na nani?"

"Mume wako yupi?"

"Mrefu. Wa gari la rangi ya chungwa."

Akacheka, Baba Devota. Mbele ya uso wangu! "Yule wa kabureta? Dada yangu, yule alikuwa analala na kabureta. Anaifungulia kwenye meza yangu ya chakula, anaipuliza kwa mdomo, nyumba nzima inanuka petroli. Wageni wakalalamika, nikampa sabuni yangu niliyoletewa kutoka Burundi, anawe."

"Gari la mume wangu halina kabureta," nikamwambia, taratibu, kama ulivyonifundisha. "Ni tii. Lina pampu."

Akaacha kuchambua. "Basi alikuwa anafungua nini?"

"Hilo uniambie wewe."

Nikaondoka nimenyoosha shingo. Nilikuwa nimemkamata, niliamini hivyo, na nimemkamata kwa masomo yako mwenyewe. Toka siku hiyo nikaishi vizuri, nikwambie ukweli. Nililima kwa hasira, nikamsomesha Devota kwa hasira. Kila jioni nilikutukana kidogo kabla ya kulala, nikiwaza utakavyoingia siku moja umekonda, yule wa samaki amekuchoka, na maneno nitakayoanza nayo. Nilikuwa nayo mazuri.

Wiki iliyopita Laurenti alimleta kijana fundi kutoka Mwanza. Kuna tajiri huko ana gari kama letu, pampu yake imekufa, wamesikia tii moja imelala Ngara. Kijana akanisalimia, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba huku namkagua kichwa mpaka miguu, maana siku hizi kila mtu anataka kitu. Alizungukia nyuma, akaziona taa za duara na zile herufi tatu, akafurahi kama mtoto. "Ndiyo yenyewe," akasema. Nikaona sawa, wakate mnyororo. Nami nilitaka kuona ulichokuwa umemfichia huyo mwanamke wako.

Boneti ikafunguka kuelekea mbele, na vumbi lake. Kijana akachungulia, akachungulia tena. Kisha akasema kwa upole, "Mama, hii si tii. Mtu ameiondoa pampu. Hii sasa ni 2002 ya kawaida, ya kabureta moja."

Nikamsukuma pembeni. Ilikuwepo, Baba Devota. Moja, imefungwa vizuri, na mabomba yake kutoka kwenye gari jingine, huenda ulilikuta limepinduka mahali ukalivunjavunja. Na pembeni, kwenye kona karibu na betri, kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa. Maua ya njano. Nikakifungua. Pampu yako, imekwama, haizunguki, umeipaka mafuta na kuiviringisha kama mtoto mchanga ndani ya kitenge changu.

Kijana akasema petroli yenye mafuta ya taa huziua pampu hizi upesi, kabureta huvumilia. Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nacheka. Laurenti akadhani ndiyo nimepotea kabisa. Nilicheka kwa sababu nilikuona, mtu mzima, unafunga kufuli ili balozi, na padre, na binamu yangu wa Kasulo, na mimi, tusijue kwamba una gari la kawaida. Na kila Jumapili ulisugua zile herufi kwa majivu!

Kisha nikakaa chini, palepale bandani, kicheko kikakatika.

Maana hukunidanganya. Kabureta ilikuwa imeziba kweli. Sabuni ilikuwa ya Adela kweli, na Adela alisema kweli. Kitenge kilikuwa hapa hapa nyumbani. Imebaki Masaka, na Masaka peke yake haisimami. Mtu anayeona aibu kumwambia mkewe habari ya kabureta hawezi kukaa barazani kwa mwanamke mwingine mchana kweupe. Ulisema ukirudi utanionyesha mwenyewe. Kama miguu yako ingekuwa inatembea ungekuwa umerudi, hata kwa magoti, ili mimi nisiifungue boneti hii kabla yako.

Unaelewa ulichonifanyia? Muda wote nilipokushuku ulikuwa mzima. Ulikuwa unakula samaki Masaka, unanenepa, unanikera. Nimekuua wiki iliyopita kwa kukuamini.

Basi wapo uani, wanangoja. Natoka sasa hivi kuwaambia wakate. Nimewachagulia mgomba nyuma ya jiko, ule mrefu, kwa sababu hawa ndugu zako wangekata wowote na wewe hukuwa mfupi. Shati ni lile la Nyakanazi. Devota amezibandua zile herufi tatu kutoka kwenye buti, atazishona mfukoni mwa shati hilo. Usijali, hatujamwambia balozi.

Lakini kama nimekosea, kama upo Masaka na huyo mwanamke anakusomea maneno haya, basi mwambie aache kukaanga aje akusindikize. Sitafanya fujo. Nakuomba, Baba Devota, sijawahi kukuomba kitu kikubwa: uwe uliniongopea.

Mkeo,
Mama Devota